Jembe la Siku ya Tatu

Nduku rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani. Upepo wa huku unaujua, unaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Sababu ya kitambaa nitakwambia, lakini si sasa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinikaripia kwamba nikisimulia jambo huanzia mwisho, halafu narudi kutafuta mwanzo kama mtu aliyeangusha funguo. Leo nitajaribu kufuata njia.

Mwende amefika. Amemaliza mambo ya nyumba ya Mombasa, vyombo vikubwa amewagawia majirani zenu, na vilivyobaki amekuja navyo. Nilienda kumpokea stendi mchana. Alipokuwa akishuka nilidhani ni wewe mwaka ule ulipohamia Kitengela, shingo ile ile ndefu na uso ule ule wa mtu anayetafuta wa kugombana naye. Juu ya begi kubwa alikuwa amefunga kigoda chako kwa kamba. Kile cha miguu mitatu, chenye ufa katikati uliokuwa ukifinya watu. Nikamwambia, "Mwende, umebeba kigoda kutoka Mombasa mpaka hapa? Kwani Kitengela hakuna vigoda?" Akanijibu, "Aunty, hii Mum alisema ni yako."

Tulipofika nyumbani, kabla hata sijamtilia chai, akanieleza kwa nini kigoda hicho kilikuwa roshani asubuhi ile niliyoondoka kwenu. Kwa hiyo sasa najua ulichotaka kuniomba, Nduku. Nimejua leo, na wewe uko Isinya chini ya udongo. Ndiyo maana nimeketi kuandika, mimi ambaye hata ripoti za wanafunzi huandika kwa kusukumwa.

Nianze na ploti, maana bila ile ploti tusingejuana. Nyumba zetu zilitazamana. Yako ilikuwa upande wa tangi la maji, yangu upande wa vyoo, jambo ambalo hukuchoka kunikumbusha. Ulikuja na Mwende mgongoni. Siku ya kwanza hukubisha hodi. Ulifungua mlango wangu ukasema, "Mimi naitwa Nduku, niko na sukari lakini sina majani," ukaingia moja kwa moja, ukafunua sufuria yangu kuona nimepika nini. Mimi mtoto wa Bungoma, niliyelelewa kwamba mgeni hangoji tu kukaribishwa ndani bali hungoja pia kuonyeshwa kiti, nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Nikasema moyoni, huyu Mkamba hana adabu hata kidogo. Kufikia jioni tulikuwa tumekunywa chai mara mbili na unajua jina la kila ndugu yangu.

Na Jumapili baada ya kanisa tulisukana. Tulitoa kigoda nje, mahali ambapo ukuta ulizuia upepo, mmoja akaketi kwenye kiti na mwingine kwenye kigoda katikati ya magoti ya mwenzake. "Kinyozi hajinyoi," ulikuwa ukisema ukijiachilia chini kwa kishindo, "kwa hivyo fanya kazi, Neke." Nywele zako zilikuwa ngumu, Mungu anajua. Kila kitana changu kilichokosa meno kilipotezea meno yake kwenye kichwa chako. Lakini hukukubali mtu mwingine akiguse. Ulienda saluni mara moja tu, nilipokuwa nimesafiri kwenda nyumbani, na niliporudi nilikukuta umefumua yote, macho mekundu. Uliniambia yule msichana alikuwa akivuta nywele zako kama anang'oa magugu. Nikakusuka upya kuanzia kisogoni, maana wewe ulikuwa lazima uanziwe kisogoni, ukianziwa mbele kichwa kinakuuma.

Unamkumbuka Yeyo, yule mama wa Kimaasai wa maziwa, alivyokuwa akitukuta hapo. Alisimama langoni na mtungi wake, shanga zikicheza masikioni, akatusalimu "Takwenya!" nawe ukamjibu "Iko!" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Kajiado ndani, ilhali Kimaasai chako chote kiliishia hapo. Kisha alikuwa akijipapasa kichwa chake kilichonyolewa kikang'aa na kutucheka. "Nyinyi mnamaliza siku mzima kwa nywele. Mimi nanyoa, naenda." Ulimwambia siku moja utamfuata. Tulicheka wote watatu.

Halafu kampuni yenu ya unga ikakuhamishia Mombasa. Nilikusaidia kufunga vyombo, tukaahidiana mambo makubwa makubwa ambayo watu huahidiana lori likiwa limewashwa. Ulisema kila likizo nitakuwa kwako. Nikasema kila likizo. Lakini likizo ya Aprili mvua ilikuwa imegeuza ule udongo mweusi wetu kuwa gundi, ya Agosti kuna tohara nyumbani na shangazi hawezi kukosekana, ya Desemba lazima tuwaone wazee. Miaka ikapita hivyo, nikakujua kwa simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na simu nayo haifunui sufuria ya mtu. Nilijua umepandishwa cheo, Mwende ameingia chuo, umeanza kupenda samaki. Nilijua pia kwamba Kiswahili chako kimeanza kuvaa kanzu. "Waendeleaje, Nekesa?" Waendeleaje! Wewe, uliyeishi Kitengela kwa "niko na" na "hii watu"! Nilikutania sana kwa hilo, nawe ukanitania kwamba mimi nitakufa bila kuona bahari, kazi kuhesabu punda.

Kisha mwaka huu shule zilipokaribia kufunga mwezi wa nne ukanipigia. Hukuwa na utani mwingi siku hiyo, sasa nakumbuka. Ulisema, "Neke, kuja unitembelee siku chache. Siku chache tu." Ulisema "kuja," kama zamani, si "njoo." Nikasema nitaangalia. Ukasema, "Usiangalie. Kuja. Na usidhani utakaa bure, siku ya tatu nitakupa jembe." Nikakuuliza jembe la kulima bahari au? Ukacheka, ukaanza kukohoa, tukaagana.

Nikaja, Nduku. Hilo angalau nilifanya. Nilinunua kilo tatu za mbuzi kwa yule muuza nyama wetu, akazigandisha usiku kucha, nikazifunga kwa magazeti na kuzitia katikati ya nguo zangu mpya. Ndiyo, nilinunua nguo mpya. Kwenda kwako, mtu aliyeniona nikifua na gauni lililopasuka kwapani, nikanunua nguo mpya. Na leso ya zawadi, mpya kwenye karatasi yake. Sikujua wakati huo ninachokifanya, lakini leo naona wazi. Nilikuwa nikijiandaa kuwa mgeni.

Nawe ulikuwa umejiandaa kuwa mwenyeji. Ulifungua mlango ukapaza sauti ngazi nzima isikie, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" ukanikumbatia. Nilihisi mifupa ya mabega yako chini ya dera. Nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Umepunguza mwili, umependeza, joto la Mombasa ni dawa ya wanene." Ukasema, "Ndiyo, ni dawa." Nikaingia na nyama yangu.

Nilikuwa nikidhani kila nyumba ya Mombasa inatazama bahari. Roshani yako ilitazama ukuta wa godauni na matangi ya maji na nguo za watu. Tulilicheka hilo. Lakini ndani ulikuwa umetandika kitambaa cha meza, umetoa vikombe vya kioo, na kiti kikubwa kilikuwa kimewekewa mto. Ukanikalisha pale. Nilipoinuka nikufuate jikoni ukanizuia kwa mkono: "Aa, mgeni keti." Na mimi nikaketi. Mimi niliyefunuliwa sufuria siku ya kwanza ya kujuana, nikaketi kama mchumba aliyeletwa kuonwa, magoti yamebana, nikasikiliza wewe ukipika peke yako upande wa pili wa ukuta. Nilisikia kigoda kikisuguliwa sakafuni. Ulikuwa ukipika umeketi. Nilikusikia, nikadhani Mombasa imekufunza uvivu, nikapanga kukutania baadaye. Hata utani wenyewe sikuutoa, nilisahau pilau ilipofika.

Nyama ya mbuzi hukuila. Uliikoroga sahanini, ukanisimulia habari za ofisi, na mwishowe ukaihamishia kwenye sahani yangu vipande viwili viwili kama mama. Na kitambaa hukukivua kichwani, wala mchana wala usiku, na joto lilikuwa la kuyeyusha sabuni. Nilikuuliza. Ukasema baridi ya mashine za ofisini imekuharibu, sasa huwezi kukaa kichwa wazi. Kama ingekuwa Kitengela ningekivuta kitambaa hicho kwa mkono nione nywele zimekuwaje. Nilikuwa na mikono yangu miwili pale mapajani. Sikuvuta, kwa sababu mgeni hamvui mwenyeji kitambaa.

Siku ya pili ulinipeleka baharini. Nakushukuru kwa siku hiyo, sitaki uovu wa majuto uimeze. Niliingia majini na gauni, nimelishika juu ya magoti, wimbi likanipiga nikapiga kelele ya Bungoma mpaka watoto wa watu wakageuka. Ulikuwa umeketi kivulini juu ya leso yangu ya zawadi, umeshika viatu vyangu, ukicheka hadi machozi. "Mulembe!" ukanipigia kelele ya salamu ya kwetu kutoka kule, kwa ile lafudhi yako mbaya ya Kibukusu, "mulembe, mama wa maji!" Nikikumbuka uso wako huwa naanza hapo.

Tuliporudi ulipanda ngazi mbele yangu. Kwenye kila ghorofa ulisimama ukapekua mkoba kutafuta funguo, na mlango bado uko mbali. Nikasema, "Kwani funguo zinatafutwa kuanzia barabarani?" Ukasema ni mazoea ya huku. Nilikuamini. Mtu akitaka kuamini ataamini hata funguo. Na jioni hiyo ulilala katikati ya sentensi yako mwenyewe, ulikuwa ukinieleza habari za jirani wa chini na paka wake, ukaishia "sasa huyo paka," basi. Nikakufunika. Nikakaa nikikutazama, nikawaza jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni wema au ni upumbavu. Niliwaza, namchosha.

Unajua nililelewaje. Mama yangu alitufunza kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwamba methali hiyo ni ya mwenyeji kuisema na ya mgeni kuikwepa. Mgeni mwenye heshima, alisema, huondoka asubuhi ya siku ya tatu, mwenyeji akiwa bado anamtamani. Ukingoja mpaka jembe lifikiriwe, umeshakuwa mzigo. Sikuwahi kukaa siku ya tatu kwa mtu yeyote ila ndugu zangu. Na wewe, nilikuweka kwenye fungu la wageni na wenyeji, wala si la ndugu. Hapo ndipo penye kidonda, Nduku. Sikukuweka kwa makusudi. Ile miaka ya simu ndiyo iliyokuhamisha fungu, na sikugundua umehamishwa.

Asubuhi nikatoka chumbani nimevaa, mkoba mkononi. Wewe ulikuwa umeamka mapema zaidi. Ulikuwa umetoa kigoda roshani na kutandaza shuka kuukuu chini yake. Nilidhani unataka kuchagua mchele. Nikaenda kukuamkia, na kwa kuwa mkoba ulikuwa mzito, nikauweka juu ya kigoda.

Uliutazama ule mkoba kwa muda.

"Kumbe waenda?" ukasema.

Nikasema nisikuchoshe, umenikirimu vya kutosha. Ukasema, "Ulisema siku chache." Nikasema si mbili ni chache? Tukacheka, kile kicheko cha watu wawili wanaosaidiana kubeba kitu kisianguke. Kisha ukasema, "Basi ngoja nikufungie kitu cha njiani." Ukanifungia mahamri kwenye karatasi. Mlangoni mkono wako ulipanda mpaka kwenye fundo la kitambaa, ukakaa hapo, ukashuka. Ukasema, "Haya. Kitengela uwasalimie." Hukunisindikiza. Ulisema ni ngazi. Nami nikashuka nikijisikia mtu mwenye adabu kweli kweli, mama yangu angejivunia.

Baadaye kidogo ndipo ukaniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetaja mafua, kwamba ni kansa, na umeshaanza dawa. Nilipiga kelele mpaka wanafunzi wa darasa la pili wakachungulia. Nikakuuliza, kwa nini hukuniambia nilipokuwa huko? Ukasema, "Si ulikuwa mgeni, Neke." Hukulisema kwa ubaya. Ulilisema kama jambo ambalo lilikuwa linajulikana na sote wawili. Nikakuapia kwamba shule zikifungwa Agosti nakuja na nitakaa mpaka unifukuze. Ukasema sawa, utanitafutia jembe kubwa. Ulitutoka watoto wakiwa bado kwenye mitihani.

Tulikulaza Isinya kwenye shamba lako, kama ulivyowaambia kaka zako kwa mdomo wako, chini ya ule mgunga uliokataza ukatwe. Watu wa ploti walikuja, hata wale waliohama zamani. Upepo uliinua turubai mara mbili wakati wa maombi, na mtu mmoja akanong'ona kwamba Mama Mwende bado anagombana. Yeyo alikuja na maziwa akasimama mbali na watu mpaka mwisho. Udongo ule mgumu ulichimbwa kwa sururu.

Na kuna jambo la siku ya tatu tena, maana siku za tatu zimeniandama. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa. Kichwa kilichoomboleza huachwa kianze upya. Nilirudi Isinya siku hiyo, nikamwambia kaka yako mkubwa kwamba ningependa kunyolewa kwa ajili yako. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, sisi hatuna hiyo. Na wewe si wa familia, wewe ni rafiki tu. Usijisumbue." Rafiki tu. Sikumlaumu, alikuwa amechoka na alikuwa na wageni wa kulisha. Lakini nilirudi nyumbani na nywele zangu zote, na tangu siku hiyo zilikuwa zikinilemea. Nimezisuka, nimezifumua, nimezifunga. Hazikukaa.

Mengine ya huku ni hivi. Ile ploti yetu imeuzwa. Nyumba zimebomolewa, inapanda ghorofa, na pale tulipokuwa tukisukana pana rundo la kokoto. Mvua za vuli zimeanza na viatu vyangu vinarudi nyumbani vizito kama vya mfungwa. Isinya watu wanajenga pande zote za shamba lako, una jirani mpya anayefuga kuku, utapenda. Majani yamekua juu yako, Nduku. Nilikuwa nikisema nitaenda kuyapalilia, na kila nikitaka kwenda moyo ulikuwa ukikataa. Nilikuwa naona aibu kuja kwako bila kujua nilikunyima nini.

Leo nimejua. Mwende alikiweka kigoda katikati ya sebule yangu akakaa chini karibu nacho, akaniambia.

Daktari alikuwa amekuambia dawa zitaondoa nywele. Ukasema hazitaachwa zidondoke zenyewe kwenye mto wa kulalia kama manyoya ya kuku mgonjwa, utazitoa wewe kabla. Mwende akajitolea, ukakataa, ukasema mtoto hamnyoi mamake angali hai. Ukasema, "Kichwa changu kinajua mikono ya Nekesa." Ndipo ukanipigia simu. Ulinunua mkasi mpya, na nywele ukazifumua ukazifunga kitambaa, nisije nikaziona nikauliza kabla ya siku yenyewe. Ukamwambia Mwende mpango wako wote: siku ya kwanza usinitwike, nimetoka mbali, siku ya pili nione bahari, siku ya tatu utanikalisha kwenye roshani, utaniambia ugonjwa, na utaniomba. Wewe usiyebisha hodi, ukangoja siku ya tatu kwa heshima. Na mimi kwa heshima nikaondoka asubuhi yake.

Mwende, aliyekuwa chuoni siku zile zote mpaka jioni hiyo, anasema ulimwambia kwamba nilipoondoka ulikaa kwenye kigoda pale roshani mpaka jua likakufikia. Saa za mchana ukashuka zile ngazi peke yako, ukaenda kwa kinyozi wa mtaani, katikati ya vijana wanaotazama mpira. Ukarudi na nywele zako kwenye mfuko wa karatasi. Mwende alipokuona akalia. Wewe hukulia. Ulisema tu, "Hata hakujua aanzie wapi."

Nduku. Nduku mama.

Nimeandika mstari huo nikainuka, nikaenda kunywa maji. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu amekuja leo na kigoda juu ya begi. Sina la kukupa kwa lile la kinyozi. Ningepanda zile ngazi kwa magoti. Ningeanzia kisogoni, polepole, na ningekuchokoza ili ucheke, na kama tungelia tungelia pamoja kama wakati ule tulipokatiwa maji na mwenye ploti. Yale mambo ya adabu yalitutosha, tulikuwa nayo ya kutosha na majirani wengine wote. Kwa nini tukaanza kuyatumia sisi kwa sisi? Mwenyeji alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni akaja, akala pilau, akaenda zake.

Sasa nikwambie habari ya kitambaa.

Chai ya Mwende ilikuwa inapoa. Alikuwa amechoka, macho yanafumba, akaniuliza, "Aunty, nitalala wapi?" Nikamwambia kulala kupo, kwanza kuna kazi. Nikatoa kigoda nje nyuma ya nyumba, mahali ambapo ukuta unazuia upepo. Nikatandaza shuka. Nikamuuliza kama ule mkasi upo. Upo, akasema, uko kwenye begi, haujawahi kutumika, yule kijana alitumia mashine. Ulikuwa bado kwenye karatasi yake.

Nikaketi kwenye kigoda. Ufa ule ukanifinya, sijausahau mfinyo wake. Nikamwambia ninyoe.

Alidhani nimeingiwa na wazimu. Akajaribu kucheka, akasema, "Aunty jameni, ndio nimefika tu! Si mimi ni mgeni?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia katika nyumba hii hakuna mgeni tena, na kazi hutolewa siku ya kwanza, watu wakiwa wamechoka hivyo hivyo. Akasimama nyuma yangu na mkasi, muda mrefu, mpaka nikahisi machozi yake kichwani mwangu kabla ya chuma. Kisha akaniuliza, "Nianzie wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kisogoni.

Ana mikono yako, mizito, isiyo na huruma. Amenikata sikio kidogo. Tulipokuwa tukikaribia kumaliza Yeyo akafika na maziwa ya jioni, akaita "Takwenya" yake, nikaitika, kisha akaniona, akatua mtungi. Alikuja akanishika kichwa kwa kiganja chote, hakunicheka. Akauliza, "Hii ni ya Mama Mwende?" Nikasema ni yake. Akamtazama Mwende, akamtazama tena, akarudi kwenye mtungi wake akatupimia maziwa, akaongeza na mengine juu.

Mwende sasa amelala chumba cha mwanangu Wafula, aliye bweni, hakuvua hata viatu, nimemvua mimi. Kesho nitamwamsha mapema. Nywele zangu nimeziweka kwenye mfuko wa karatasi na nitazizika karibu nawe, ili lile la kinyozi lisiwe lako peke yako. Nakuahidi hivi: huyu mtoto hatakaa kwangu na magoti yamebana. Atafunua sufuria. Nitamuuliza nikitaka kumuuliza, na akifunga kitambaa siku ya joto nitakivuta kwa mkono wangu.

Lala, Nduku, majani hayo yasikusumbue tena. Kesho tunakuja Isinya, mimi na Mwende, na jembe. Hatutabisha hodi.

Wako,
Nekesa